Hapa Hatufichani

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, si umelala, na kwamba mgongo umekupa likizo. Shangazi ni mzima, anakusalimu, na amesema uache kunywa chai iliyolala. Mimi pia ni mzima, ila sauti yangu imezidi kuwa ndogo, nawe unajua uliiacha ndogo.

Nimeanza kazi kwenye klabu ya Shangazi. Ukumbi wake zamani ulikuwa ghala la nafaka, na hadi leo mpira ukigonga ukuta, vumbi hutoka kwenye nyufa na wote tunapiga chafya. Madirisha yako juu karibu na paa, yana wavu, na mlango ni mmoja tu, wa chuma. Vijana wanakuja wakitoka shule. Wengine ni warefu kunipita, lakini wananiita Dada Msaidizi, na Shangazi wanamwita Mlezi. Najaza mipira upepo, nagawa fulana za timu, naamua ugomvi wa meza ya tenisi, ambayo haina wavu, tumefunga kamba za viatu.

Michezo naipenda, Baba. Kinachonitesa ni duara.

Kila jioni, kabla hawajaenda nyumbani, Shangazi anawaketisha kwenye mikeka na mpira mmoja unazungushwa. Anayeushika lazima aseme jambo la moyoni. Si la kichwani, Shangazi hukumbusha, la moyoni. Mpira hauendi mbele mpaka useme, na hakuna anayetoka mpaka mpira umalize mzunguko. Mimi ndiye ninayefunga komeo na kuketi nimeegemeza mgongo mlangoni, ili, kama Shangazi anavyosema, linalosemwa ndani libaki ndani. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUFICHANI.

Sisemi ni jambo baya. Kuna kijana tunamwita Redio ambaye angekaa na mpira huo mpaka asubuhi, na mwingine, Wakili, ambaye hubishia hata machozi ya wenzake. Wao wanalipenda. Lakini nawaona wale wanaoanza kusugua viganja mpira ukiwa bado uko upande wa pili, kwa sababu na mimi nasugua, ingawa mlangoni mpira haunifikii.

Na nyumbani hakuna nafuu. Shangazi ameanzisha duara mezani. Tuko wawili tu, kwa hiyo mzunguko ni mfupi. Hakuna kuondoa sahani mpaka niseme ya moyoni. Najua anachosubiri: tangu Mama alipotutoka, anataka nimzungumzie. Sitaki. Kwa hiyo natunga. Wiki iliyopita nilimwambia nahuzunika kwa sababu ya paka wa jirani, akanikumbatia, na paka wa jirani hana lolote, amenenepa. Huzuni za kutunga zinaniishia, Baba. Kama unazo za ziada huko kambini, nitumie.

Kuna msichana mmoja havui kofia. Ni ya sufu, ya kijani, hata jua likichoma. Wenzake wanamwita Kofia, na mpira ukimfikia husema, "Leo nimefurahi," basi. Jana Shangazi alitangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna kofia kwenye duara, maana kofia ni ukuta. Sijui kwa nini nimekuandikia hilo. Niliona tu alivyoishika kwa mikono miwili.

Mwanao.


19 Februari

Mama yangu,

Marahaba. Mgongo bado wangu, sijapata wa kumpa. Lori la vyakula lilifika jana na barua yako ikiwa imekaa juu ya gunia la vitunguu, kwa hiyo niliililia machozi kabla hata ya kuifungua.

Kambi imesogea tena. Barabara tunayoijenga ikisonga, na sisi tunasonga, jiko langu linabebwa kama maiti ya tajiri, watu wengi na kelele nyingi. Napika kwa masufuria matatu badala ya manne, moja limetoboka. Wachimbaji wanasema wali wangu una mawe. Nawaambia mawe ni yao, wameyachimba wenyewe.

Umeniandikia vizuri sana. Miwani yangu ilikanyagwa na mtu mwenye buti mwezi uliopita, kwa hiyo dereva wa lori ndiye anayenisomea. Anasoma kama mtangazaji wa mpira. Alipofika kwa paka aliyenenepa, jiko zima lilicheka. Sasa kila mtu hapa anamjua Redio.

Kuhusu duara, mwanangu, mvumilie shangazi yako. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea nikiwa sijui kufunga kifungo. Ana moyo mkubwa, tatizo lake anadhani na mioyo ya wenzake ina milango mikubwa kama wa kwake. Akikuambia kaa, kaa. Akikuambia sema, sema chochote. Nyumba ni yake, na kwa sasa mimi sina nyumba ya kukupa, nina hema lenye wanaume sita na redio mbovu.

Nakuita mama kwa sababu una jina la mama yetu, na najua na shangazi yako anakuita hivyo.

Mpe salamu nyingi.

Baba yako.


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umepata sufuria la nne. Sisi wazima. Shangazi amepokea salamu zako. Ndiyo, ananiita mama, na papo hapo ananituma maji. Sijui ni mama gani anayetumwa hivyo.

Nina jambo, nakuomba liishie kwako.

Wiki mbili zilizopita niliingia stoo ya mipira kuchukua pampu. Ni chumba kidogo, kina harufu ya raba na jasho, taa yake inawaka ikipenda. Kofia alikuwa ndani, amevua kofia, anaipanga upya. Hatukuweza kupishana mlangoni, kwa hiyo tuliangaliana. Upande mmoja wa kichwa chake, juu ya sikio, hauna nywele. Ngozi tupu, upana wa kiganja.

Nilidhani atakimbia. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja somo asilolipenda, kwamba si ugonjwa, anajinyofoa mwenyewe. Akiogopa, mkono unakwenda wenyewe, na unywele ukitoka anapata kama nafuu, kisha anaona aibu, kisha anaogopa tena. Mama yake ni mshonaji na hajui, kwa sababu Kofia hujisuka mwenyewe na kulala amefunga kitambaa. Hajamwambia mtu mwingine.

Nikamwuliza ni wapi anaogopa zaidi. Akacheka kidogo. Akasema, "Hapa. Mpira ukianza kuzunguka."

Baba, nilitaka kumwambia kuwa na mimi ndivyo. Sikusema. Nilimpa pampu ashike upande mmoja, tukajaza mipira tukiwa kimya, na nadhani ilikuwa nusu saa nzuri kuliko zote tangu nianze kazi.

Sasa namtafutia kazi. Kila duara likikaribia namwambia Shangazi kwamba fulana hazijafuliwa, au kuna mipira inavuja, na Kofia ndiye anayejua kuziba. Kwa wiki nzima amekaa stoo wakati wenzake wako kwenye mikeka. Lakini Shangazi si mjinga. Jana alisema fulana zetu zimekuwa safi kuliko za hospitali, na kwamba wiki ijayo anataka kila mtoto kwenye duara, kichwa wazi.

Sijui nifanye nini. Nikimwambia Shangazi sababu, nimemtoa Kofia. Nisipomwambia, kofia itatoka yenyewe mbele ya wote. Huku nimefungiwa na huku nimefungiwa, na komeo nimelishika mimi.

Nishauri haraka.

Mwanao.


20 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa mvua imeanza na kuni zimelowa, kila chakula kina ladha ya moshi. Wananiita Mzee Moshi. Nimekubali, nimeitwa mabaya zaidi.

Barua yako imenigusa. Dereva alipofika pale pa nywele alipunguza sauti, lakini jiko letu ni la mabati matupu na watu walikuwa wanangoja chakula. Usiogope, ni watu wema. Fundi wa kuchomea amesema dada yake alikuwa akitafuna kucha mpaka damu na akaacha alipoolewa. Mwingine amesema apakwe kitu kichungu vidoleni. Wote wanamsalimu Kofia.

Ushauri wangu ni huu. Usimtaje mtu. Muulize shangazi yako kijumla, mkiwa mezani: kama kungekuwa na mtoto anayejinyofoa nywele kwa hofu, ingefaa kumfanyia nini? Swali halina jina. Dada yangu amesoma mambo ya malezi, amehudhuria semina, si mtu wa kudhuru mtoto. Ukimpa nafasi ya kushauri, atajilegeza mwenyewe kuhusu kofia bila kujua kwa nini. Nimeishi naye, najua anavyokwenda. Mpitie kwa upole.

Na wewe utakuwa na la kusema mezani bila kumsumbua paka.

Baba yako.


6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Nilifanya ulivyosema. Wiki ya kofia ilikuwa imefika, lakini Shangazi alikuwa na mafua na duara likaahirishwa, kwa hiyo barua yako ilinikuta bado nina muda. Jioni ileile, sahani zikiwa mezani, akasema, "Haya, mama, ya moyoni." Nikauliza swali lako, neno kwa neno.

Shangazi akaweka kijiko chini. Hakuuliza ni nani. Alisema tu, "Masikini, pole yake," akanywa maji, akasema mtoto wa namna hiyo anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake. Nilifurahi. Niliosha vyombo nikiimba.

Kesho yake hakukuwa na kisingizio cha fulana wala cha mipira, Kofia alikaa kwenye mkeka kama wengine, kofia kichwani. Nilifunga komeo, nikaketi. Mpira ukamfikia. Akasema, "Leo nimefurahi."

Shangazi akainuka, akaenda kuchuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Alikuwa na machozi, Baba, ya kweli. Akamwambia, "Mwanangu, najua. Hapa hatufichani. Tunakupenda na hicho kichwa chako kilivyo."

Hakumvua. Nataka ujue hivyo, maana hata mimi ningependa kusema alimvua. Alimngoja. Wote wakamngoja. Kofia akaangalia mlangoni, na mlangoni nilikuwa mimi. Kisha akaivua mwenyewe.

Shangazi akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga. Redio alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Wasichana wawili walilia. Kofia alitabasamu muda wote, kama mtu aliyeambiwa asitikisike daktari anapomchoma sindano.

Nilipofungua komeo alipita karibu yangu. Akasema, "Asante, Dada Msaidizi." Hakuna zaidi.

Usiku Shangazi alikuwa na furaha kama siku ya harusi. "Umeona, mama? Umeona alivyofunguka? Na bila wewe nisingejua." Alinipakulia mara ya pili.

Baba, barua zangu usimpe mtu azisome. Nilikuomba jambo liishie kwako, likaishia kwa fundi wa kuchomea. Nami nilipewa siri stoo, nikaiweka mezani katikati ya sahani. Hatujatofautiana.

Mwanao.


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Wanasema barabara ya kwenu imekatika na malori yamekwama, kwa hiyo naandika nikijua huenda barua hii ikakaa kwenye matope. Natumaini una cha kupika.

Kofia hakuja wiki nzima. Nilimshukuru Mungu. Kisha mama yake akamleta mwenyewe, amemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Shangazi alikuwa amemtembelea na kumweleza. Mama huyo alimshukuru Shangazi huku akilia, akisema ameishi na mtoto nyumba moja bila kujua. Kofia alisimama katikati yao akitazama viatu.

Sasa hana kofia, mama yake ameichukua. Kila jioni anamkagua kichwa kwa taa. Mchana anafunga nyumba na kwenda na ufunguo, ili mtoto asikae peke yake, kwa hiyo baada ya shule Kofia hana mahali pengine isipokuwa kwetu.

Wenzake hawamcheki. Ingekuwa afadhali. Wamekuwa wema. Kuna msichana anayemshika kichwa kila siku na kumwuliza, "Imeota?" Redio amewaeleza darasa zima ili nao wamwonee huruma. Kwenye duara wanampigia makofi hata kabla hajafungua mdomo.

Jana aliketi karibu na taa, nikaona hana nyusi upande mmoja.

Nilimwomba Shangazi amruhusu akae nami stoo wakati wa duara. Shangazi alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akaniuliza kama nataka amrudishe mtoto gizani. Nikasema hapana, Shangazi. Nikaenda nikafunga komeo, nikaketi pale pale. Chuma kile ni cha baridi hata mchana, baridi inaingia mgongoni na kukaa.

Nilimfuata Kofia nje kumwomba msamaha. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Usinisaidie tena."

Nichukue, Baba. Sitakula sana. Nitamenya viazi, nitasugua masufuria, nitalala jikoni. Siwezi kuondoka hapa peke yangu kwa kuwa sina pa kwenda, na siwezi kubaki. Mezani nikinyamaza, Shangazi anasema ananingoja, na kweli ananingoja. Chakula kinapoa. Anasema, "Mimi ndiye niliyebaki kwako, mama. Usinifungie." Ni mtu mwema, na kila akiwa mwema napungukiwa pumzi.

Mwanao.


15 Mei

Mama yangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika pamoja, lori moja. Nimepata miwani ya fundi mmoja aliyeondoka, si ya macho yangu, naona herufi zinacheza, lakini nimezisoma mwenyewe, nyuma ya hema, mara nyingi. Nisamehe. Nilipokea siri yako kama mtu anayepokea kichekesho. Na ushauri wangu ndio uliomvua yule mtoto kofia. Nimepika vibaya wiki nzima, na safari hii hawakunitania.

Siwezi kukuchukua. Nimemwuliza msimamizi, nikamwuliza tena. Kambi hairuhusu familia, na hata ingeruhusu, hii si sehemu ya binti. Najua ulitaka neno jingine. Nimelitafuta.

Acha nikuambie kitu ambacho dada hajawahi kukuambia, pamoja na kwamba hafichi. Mama yetu alipougua, sisi tuliambiwa amesafiri. Watu wazima wote walikubaliana. Mimi nilikuwa mdogo, nikaamini. Dada alikuwa na umri wa hao vijana wenu. Kila mwisho wa wiki alipiga pasi gauni la mama na kulitundika mlangoni, ili akirudi alikute. Mtoto wa jirani ndiye aliyemwambia, wakiwa wanacheza, kwamba mama yetu amezikwa siku nyingi, mbona tunapiga pasi. Tangu siku hiyo, dada akiona mdomo uliofumbwa anadhani kuna mtu amekufa nyuma yake.

Sisemi ana haki. Nasema ndivyo alivyo. Mimi nimemjibu "Ndiyo, dada" maisha yangu yote, na nilikufundisha wewe hivyo hivyo, kwa sababu ni njia fupi. Sina njia nyingine ya kukufundisha, sijawahi kuipita. Ukiipata wewe, usingoje ruhusa yangu. Barua huchelewa.

Baba yako.


4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miwani imezoea macho yako, au macho yameizoea miwani. Sisi tuko. Shangazi hajakutumia salamu safari hii, utajua kwa nini.

Nilisoma barua yako mara mbili, nikakaa nayo. Kisha jioni moja duara likaanza. Nilikuwa sipewi mpira, mimi ni mlango tu. Siku hiyo niliuomba. Shangazi alifurahi sana, akaurusha mwenyewe.

Niliushika. Nikasema, "Leo sina la kusema, Mlezi. Napitisha."

Akatabasamu, akasema watanisubiri. Nikamwambia sitasema hata wakisubiri. Ulikuwa mpira wa kawaida, Baba, lakini niliubana kwa magoti. Yeye akangoja. Sisi wawili tunajua kungoja, tumezoezana mezani. Nje wazazi walianza kufika na kugonga, kila pigo likanipita mgongoni. Shangazi akasema mlango haufunguliwi mpaka niseme. Redio akaanza kucheka kwa woga. Ndipo Wakili akainua mkono, akauliza kama Mlezi anajua kwamba hata mahakamani mtu anaruhusiwa kunyamaza. Wakaangua kicheko, wote isipokuwa Shangazi, Kofia na mimi.

Kicheko kilipoisha Shangazi aliniuliza, si kwa hasira, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nina nini naye.

Nikasema, "Nilikupa jambo la mtu mezani, Shangazi. Halikuwa langu. Ukinilazimisha tena, nitatoa la mtu mwingine, maana langu bado sitaki kulitoa."

"Kwani nilimkosea nini mtoto yule? Tulimpigia makofi."

"Hakuomba makofi."

Wakati huo sikuweza kumtazama Kofia, na sikumtazama. Shangazi akaja mlangoni, akaniambia, "Sogea," akafungua komeo kwa mkono wake na kuwapita wazazi bila kuwasalimu, yeye anayesalimia hata mbuzi.

Nyumbani hatukuwa na duara. Tulikula tukisikilizana kutafuna. Nilijua kisa cha gauni, na nilitaka kumwambia kwamba nakijua, lakini nikaona hicho nacho ni cha kwake, hakunipa yeye. Nikaosha vyombo. Amekaa hivyo tangu siku ile. Haniiti mama, ananiita wewe. Bado nalala chumba kilekile, bado sina pa kwenda, na kila asubuhi nasubiri aniambie nifungashe. Hajasema. Sijui kama ni huruma au ni kwamba hajapata maneno.

Lakini wiki iliyofuata, kabla mpira haujaanza, alisema akiangalia ukutani, "Asiyetaka, apitishe." Ule mpira ulizunguka kama kaa la moto. Hata Redio alipitisha, kwa mshtuko tu. Duara liliisha kabla mikeka haijapata joto, na Shangazi akabaki ameketi, hajui aweke wapi mikono. Nilimwonea huruma, Baba. Siku zilizofuata baadhi walianza kusema tena, kidogokidogo, wale waliokuwa nalo. Mlango tunaurudisha tu, hatuufungi. Sikuagizwa. Nimeacha kufunga, naye hajanikumbusha.

Kofia bado analetwa na mama yake. Sasa anafunga kitambaa, na Shangazi hajasema neno kuhusu vitambaa. Nyusi sijui, sizitazami. Wiki zote hizi hakunisemesha, nami nilifanya aliloniomba, sikumsaidia. Nilijaza mipira, yeye akakaa kwenye benchi akitazama mbali.

Juzi aliingia stoo mwenyewe. Akashika upande wa pili wa pampu bila kuombwa. Tulijaza mpira wa kwanza kimya, na wa pili. Kwenye wa tatu akaanza kuzungumza. Aliniambia jambo, kubwa kuliko lile la kwanza, na alipomaliza hakuniambia nisimwambie mtu.

Najua utakuwa umesogeza miwani karibu na karatasi. Usiniulize, Baba. Hapa siandiki.

Mwanao.